Kochi la Mama

Mkakasi ni chombo cha mti kilichochongwa kwa ustadi na kupakwa rangi za kuvutia, hata anayekipita hugeuka akakitazama mara ya pili. Moyo humwambia kuwa chombo kizuri kiasi hicho hakikosi lulu ndani. Akikifunua, hakuti lulu wala shanga. Hukuta mti mtupu, ndugu wa kuni zilizo jikoni kwake. Ndiyo maana watu wa kale wakatuachia neno: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengi wetu hulikariri neno hili shuleni na kulisahau mtihani ukiisha. Msusi mmoja alifunzwa neno hili na ulimwengu, na mafunzo ya ulimwengu hayana likizo.

Msusi huyo alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye vidole vyembamba vilivyokuwa na nguvu kama koleo. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya soko, nacho kilitosha viti viwili, kioo kimoja na beseni la kuoshea nywele. Humo alishinda tangu asubuhi hadi jioni akisuka vichwa vya watu na kusikiliza habari zao. Wateja walimpenda kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi na kinywa chake kilikuwa na kufuli. Walimpachika jina la Gundi, kwa sababu jambo akishalishika, halimtoki mpaka liishe.

Kwa miaka mingi Gundi alijinyima. Wenzake walipobadilisha simu na viatu, yeye alivipeleka vyake kwa fundi vikashonwa upya. Walipomuuliza anajibana hivyo kwa ajili ya nini, alijibu kwa mkato, "Namnunulia mama kiti."

Walicheka, wakidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha hata chembe.

Mama yake alikuwa ameajiriwa kwenye nyumba za watu tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa. Alifua, alipika, alipiga deki, na kila asubuhi alipangusa makochi ya ngozi kwa kitambaa laini hadi yakang'aa kama maji ya kisima. Kuyapangusa aliruhusiwa, kuyakalia, la. Chakula chake alikila jikoni, juu ya kigoda. Siku moja, shule zilipokuwa zimefungwa, alimchukua bintiye kazini. Mtoto, kwa utoto wake, akapanda kwenye kochi la sebuleni akaketi miguu ikining'inia. Mwenye nyumba alipotokea hakupiga kelele. Alimtazama mama na kusema tu, "Pangusa hapo alipokaa. Tumia sabuni."

Mama alipangusa. Alipangusa mahali alipokaa mwanawe wa kumzaa, na mtoto akasimama pembeni akimwangalia. Siku hiyo Gundi alikula yamini moyoni kwamba kabla mama yake hajaingia kaburini, ataketi kwenye kochi la ngozi lililo lake mwenyewe, na hatakuwepo wa kumwinua.

Basi akiba ilipotimia, alijifunga kibwebwe akaenda kwenye duka kubwa la fanicha lililokuwa mkabala na soko. Duka hilo lilikuwa na vioo kutoka chini hadi juu, na taa zilizowaka mchana kweupe. Mlangoni palikuwa na kipaza sauti kilichoita watu bila kumeza mate: "Ingia ufaidi! Fanicha ya kizazi hadi kizazi!" Mwenye duka alijulikana kwa jina la Asali. Jina hilo hakupewa kwa weupe wa meno yake, bali kwa utamu wa ulimi wake, maana angeweza kumuuzia kipara kitana na kipara akarudi kushukuru.

Katikati ya duka, juu ya jukwaa, kulikuwa na kochi la rangi ya damu ya mzee, lenye vifungo vya dhahabu mgongoni na miguu iliyopinda kama shingo ya bata. Lilikuwa limefunikwa nailoni nyeupe inayoonyesha. Gundi aliposoma bei yake alijishika kifua. Kisha akamwona mama yake ameketi juu ya kochi hilo, akaushusha mkono.

"Dada yangu una jicho!" Asali alimwambia, akija mbio kama anampokea shemeji. "Hili si kochi, hili ni heshima. Wageni wakiingia kwako hawatauliza habari, watauliza kochi."

"Ndani yake kuna nini?" Gundi aliuliza.

Asali aliwatazama wateja wengine akacheka. "Jamani! Mtu akioa mrembo, humpasua tumbo kwanza aone maini?"

Duka zima likaangua kicheko. Gundi naye akatabasamu, japo alihisi ameulizwa swali badala ya kujibiwa. Kaka yake, dereva wa lori ambaye alikuwa amekuja kumsaidia kubeba, hakucheka. "Dada, likalie kwanza," alimnong'oneza. "Kochi halinunuliwi kwa macho."

"Hapana, hapana," Asali alidakia. "Likishakaliwa litapoteza mng'aro, nani atalinunua? Nailoni tunaitoa nyumbani kwa mwenye mali."

Gundi akalipa. Njiani, kaka yake akiendesha, yeye alikaa nyuma ya lori amelishika kochi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Nailoni ilipotolewa nyumbani, mama alilisogelea kochi. Alilizunguka. Alijifuta mikono kwenye gauni, akaligusa kwa ncha ya kidole, kisha akaenda kutafuta kitambaa laini, akaanza kulipangusa.

"Mama, acha kupangusa. Kaa!"

"Nitakaa, mwanangu. Ngoja kwanza lizoee nyumba."

Lakini asiyezoea nyumba hakuwa kochi. Siku zilipita, mama akiketi kwenye kigoda chake akilitazama lile kochi kama mtu anayemtazama mgeni aliyelala. Baadaye alianza kuketi pembeni kabisa, mgongo wima, kama abiria anayeshuka kituo kijacho. Gundi hakumharakisha. Alijua kuwa hofu iliyojengwa kwa miaka haibomolewi kwa siku moja.

Hatimaye, alasiri moja, majirani walikuja kumpongeza. Walimsifu, wakamtania, wakamwita bibi wa ikulu. Mama akacheka kicheko ambacho Gundi hakuwahi kukisikia, akajisogeza hadi katikati ya kochi, akaegemea nyuma na kuinyoosha miguu. Alifumba macho. "Ah," alisema, "kumbe ndivyo walivyokuwa wakisikia."

Neno lile halijamtoka vizuri, mguu mmoja wa kochi uliruka pembeni, mgongo ukaachia, na mama akaanguka chali, mkono ukiwa chini yake. Ulisikika mlio wa mbao ikivunjika. Kwa bahati mbaya haukuwa wa mbao peke yake.

Hospitalini alifungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Gundi aliketi kando ya kitanda akimpepea. Mama ndiye aliyeanza kusema.

"Nisamehe, mwanangu. Nimeharibu kitu cha watu."

"Cha watu wepi, mama? Ni chako."

"Nililikalia vibaya. Nilijibwaga." Machozi yalimlengalenga. "Vitu vile vina watu wake. Sisi hatukuzoea."

Gundi aliinamisha kichwa. Hasara ya fedha ilikuwa imemwuma, lakini maneno yale yalimwingia kama msumari wa moto. Kochi halikuwa limemvunja mama yake mkono tu. Lilikuwa limemrudisha kwenye kigoda cha jikoni. Alipoinua uso, hakuwa na chozi.

Kesho yake alikuwa dukani. Asali alimsikiliza huku akichezea funguo zake.

"Pole sana, dada. Lakini kochi lile ni imara kama mlima. Hebu niambie, bibi ana uzito gani?"

"Mama yangu ukimpulizia, anasogea."

"Basi amelikalia vibaya. Kuna watu hawajui kukalia vitu vya thamani, si kosa lao. Bidhaa ikishavuka kizingiti hiki si yangu tena. Na nakutahadharisha, mkilifungua au kulichana, waranti, ile dhamana ya duka, imekufa, msije kunilaumu."

Kaka yake Gundi alimshika mkono wakatoka. "Tuachane naye, dada. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayakumwagika," Gundi alijibu. "Haya yameibwa. Lete lori lako asubuhi."

Asubuhi, kabla Asali hajaamsha kipaza sauti chake, lile kochi lilikuwa limesimama nje ya duka, kando ya njia ya waendao kwa miguu, likiwa limetegemezwa jiwe mahali pa mguu uliovunjika. Pembeni kabisa, kwenye ukingo uliobaki mzima, aliketi Gundi, kitana mkononi, chupa ya mafuta ubavuni. Mbele yake, kwenye kigoda, alikuwepo mteja wake wa kwanza, muuza mboga mwenye nywele nyingi kama kichaka. Gundi alikuwa amehamishia ususi wake pale.

Asali alicheka alipowaona. "Karibu, dada. Ukichoka utaondoka."

Hakujua kwamba kazi ya msusi ni kukaa. Gundi alisuka. Kila aliyeukaribia mlango wa duka alikaribishwa kwa upole: "Karibu ukae kwanza. Kochi hili limetoka humu ndani." Waliokaa walizama hadi magoti yakagusana na videvu, wakainuka wakijishika viuno, na wengi wao hawakuingia tena dukani. Kipaza sauti kilipiga kelele, "Kizazi hadi kizazi!" na wanawake waliokuwa wakisubiri kusukwa wakaitikia kwa pamoja, "Wiki hadi wiki!"

Asali alipoona mambo yanageuka, alimtumia chai. Gundi akaipokea, akashukuru, akampa mteja. Kisha Asali akamtuma fundi na nyundo aje kuurudishia mguu misumari; Gundi akamwambia fundi kwamba mkono wa mama yake haukurudishiwa kwa misumari. Hapo ndipo Asali alipomwita askari.

"Mama, unafanya nini hapa?" askari aliuliza kwa sauti nzito.

"Nasuka, afande."

"Hapa ndipo mahali pa kusukia?"

"Nimeketi kwenye kochi langu, afande. Njia sikuiziba, mlango sikuuziba. Mwenye duka anasema kochi hili ni imara kama mlima. Nami nimekuja kuukalia mlima wake."

Askari alilitazama kochi, akaitazama njia, akakuna shingo. Jua lilikuwa kali na viatu vilimbana. "Hebu tulizungumze vizuri," alisema, akaketi ili avue kofia. Kochi likammeza. Ilibidi watu wawili wamvute ndipo akasimama, kofia ikiwa imebaki ndani. Mtaa mzima ulikufa kwa kicheko, na askari mwenyewe, baada ya kujikung'uta, alimgeukia Asali. "Bwana, mimi nitasema nini hapa? Malizaneni."

Hata hivyo, si kila siku ilikuwa ya kicheko. Kuna wateja wa Gundi walioona haya kusukwa barabarani wakahamia kwa wasusi wengine. Mvua ilimnyeshea, jua likamchoma. Shoga yake mmoja alimjia na kumwambia, "Watu wanakusema. Wanasema umerukwa na akili kwa ajili ya kiti."

Gundi aliyameza maneno hayo machungu kama shubiri. Jioni ile, akifunga vitu vyake, aliona aibu ikimpanda mwilini kama siafu, na kwa mara ya kwanza alitamani kuliacha kochi pale pale na asigeuke nyuma. Kisha akakumbuka sauti ya mama yake: vitu vile vina watu wake. Akapiga moyo konde. Asubuhi iliyofuata alikuwa pale pale.

Ndipo mama alipokuja.

Alikuja peke yake, polepole, mkono wake wenye plasta ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Watu walimpisha. Gundi alisimama kumpokea, lakini mama alimpita, akaenda moja kwa moja hadi kwa Asali aliyekuwa mlangoni akimsindikiza mteja. Wapagazi wawili walikuwa wakipandisha kochi jingine, pacha wa lile lililovunjika, kwenye mkokoteni wa mteja huyo.

"Mwanangu," mama alimwambia Asali, "nimekuja kuomba radhi. Usimkasirikie binti yangu. Mimi ndiye niliyelivunja kochi. Nililikalia vibaya. Tusamehe, atakwenda nyumbani." Akainama, akapiga goti moja.

Uso wa Asali ulichanua. "Mmemsikia wenyewe!" alipaza sauti kuliko hata kipaza sauti chake. "Bibi amekiri! Simama, mama, simama. Mimi sina kinyongo. Mtu asiyejua kitu, hajui."

Gundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimwona mama yake akiwa ameinama kama alivyoinama zamani, sabuni mkononi. Akauchukua mkasi wake wa kukatia nyuzi.

"Mama, njoo hapa."

Asali aliuona mkasi. "We dada! Ukilichana hilo umejimaliza mwenyewe! Waranti imekufa, na hupati kitu mpaka kiama!"

Gundi alisita. Alijua Asali hasemi uongo katika hilo. Kochi likiwa halijachanwa, alikuwa na dai. Likichanwa, miaka yake yote ya kujinyima ilikuwa imekwenda na maji. Mkasi ulitulia hewani. Kisha akamtazama mama, ambaye bado alikuwa na goti chini.

"Baki na fedha zako," alimwambia Asali. "Mimi nataka mama yangu aone."

Akauzamisha mkasi kwenye ngozi na kuivuta toka mwanzo wa mgongo hadi mwisho wa kiti. Ilichanika kirahisi kama karatasi iliyoloa, kwani hata ngozi haikuwa ngozi, bali kitambaa kilichopakwa rangi. Matumbo ya kochi yakamwagika barabarani. Haikutoka springi hata moja. Yalitoka magunia makuukuu, vipande vya maboksi, na sponji iliyochakaa ikawa unga. Na katikati, badala ya fremu, palikuwa na vipande vya makasha ya matunda, picha za machungwa zikiwa bado zimebandikwa juu yake. Ile miguu ya shingo ya bata haikuwa imechomekwa mahali popote; ilikuwa imebandikwa tu kwa gundi.

"Gundi hiyo ni feki!" muuza mboga alipiga kelele. "Gundi ya kweli ni hii iliyoshika mkasi!"

Watu walicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa amesogea. Aliupenyeza mkono wake mzima ndani ya kochi, akapapasa, akatoa kipande cha mbao laini iliyooza upande mmoja. Alikigeuzageuza. Kilivunjika katikati ya vidole vyake bila yeye kutumia nguvu. Kicheko cha watu kilinyauka kikaisha.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "si mimi."

"Si wewe, mama," Gundi alijibu, na sasa machozi aliyokuwa ameyazuia tangu hospitalini yakapata njia. "Haikuwa wewe hata siku moja."

Mama alinyoosha mgongo. Gundi alikuwa hajawahi kujua kwamba mama yake ni mrefu kiasi kile. Alimwendea Asali, akakiweka kile kipande cha mbao kwenye kiganja chake.

"Mwanangu, nimekupigia goti kwa kosa lako. Nirudishie msamaha wangu. Na jasho la binti yangu, lirudishe pia."

Asali alifungua mdomo. Ile asali yote ilikuwa imekauka. Huku nyuma, mteja wa mkokoteni alikuwa ameshawaamuru wapagazi: "Shusheni! Shusheni hilo kabla sijalichana na mimi!" Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita alisema kwa sauti kwamba kiti chake cha kulia chakula kilitoka humo humo, na kwamba anakwenda kukileta. Mwingine akasema na kitanda chake. Askari, aliyekuwa akichungulia kutoka ng'ambo ya barabara, alivuka akiwa na kofia yake mkononi. "Sasa, bwana," alimwambia Asali, "hapa nina la kusema."

Kabla duka halijafungwa siku ile, Gundi alikuwa amerudishiwa kila alichotoa, pamoja na gharama za plasta. Kipaza sauti kilizimwa. Lile kochi lilibaki nje hadi watu wa taka walipokuja, na inasemekana hata wao walilibeba kwa mkono mmoja.

Plasta ilipotolewa, Gundi alimuuliza mama yake kama bado anataka kiti, au basi. Alitegemea aambiwe basi.

"Nataka," mama alijibu. "Lakini safari hii nachagua mwenyewe."

Wakaenda kwenye duka dogo la uchochoroni, lisilo na vioo wala kelele. Mama alikaa kwenye kiti cha kwanza, akaegemea, akajitikisa, akainuka. Akakaa kwenye cha pili. Akakaa kwenye cha tatu akavua kabisa viatu. Alikaa kwenye kila kiti kilichokuwamo humo, cha bei ya chini na cha bei ya juu, bila kumwomba mtu ruhusa. Muuzaji alipoanza kupiga miayo, mama alimwambia, "Vumilia, mwanangu. Nina viporo vingi vya kukaa." Mwishowe alichagua kochi la kitambaa cha rangi ya udongo, lisilo na kifungo cha dhahabu wala mguu uliopinda, ambalo mpita njia yeyote asingeligeukia.

Jumapili iliyofuata jirani mmoja aliingia, akamkuta mama amejinyoosha juu yake, amelala usingizi wa mchana na mdomo wazi. Akalikagua kochi kutoka pembe hadi pembe, akamgeukia Gundi aliyekuwa mlangoni akichambua nyuzi za kusukia.

"Shoga, mlirudishiwa fedha zote zile, ndiyo mkanunua hili? Mbona halina hata mng'aro?"

"Sema polepole, utamwamsha," Gundi alimjibu. "Lenye mng'aro tulikuwa nalo, tukaliona mpaka ndani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."